Mashine ya Kung'arishia Rangi ya Gari: Chagua kwa Kuilinda Klia

Mikwaruzo myembamba inayoonekana kama utando wa buibui gari linapopigwa na jua huwafanya wenye magari wengi watafute mashine ya polishi. Kabla ya kununua, mlaji afahamu jambo moja: mashine hiyo haiongezi kitu juu ya rangi, bali hupunguza. Mkwaruzo hutoweka kwa sababu eneo linaloizunguka limesuguliwa hadi kufikia kina chake. Kwa hiyo mashine bora kwa mtumiaji wa kawaida ni ile inayopunguza kidogo zaidi, wala si ile inayokata upesi zaidi.

Fahamu unachokisugua

Rangi ya magari mengi ya kisasa ina matabaka: praima, rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu ambalo mafundi huliita klia. Gari linapotoka kiwandani, matabaka yote kwa pamoja huwa na unene wa takriban mikroni 100 hadi 150, na klia peke yake takriban mikroni 35 hadi 50. Karatasi moja ya kudurufia ina unene wa karibu mikroni 100. Klia basi ni nusu ya karatasi au pungufu. Klia ndiyo inayoikinga rangi dhidi ya jua. Ikiisha, hairudi kwa polishi wala kwa nta. Sehemu hiyo hupauka, na dawa yake ni kupaka rangi upya.

Tahadhari hii ina uzito zaidi kwa gari lililotumika lililoagizwa kutoka Japani, kwa kuwa mnunuzi hajui limekwisha kung'arishwa mara ngapi. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukinasa, mkwaruzo huo ni wa kina. Usijaribu kuumaliza kwa mashine.

Aina za mashine

Mashine ya mzunguko mmoja huzungusha pedi kwenye mhimili usiohama. Hukata upesi, lakini joto hukusanyika mahali pamoja. Ikitulizwa kwenye ukingo wa mlango au mkunjo wa boneti, huweza kuimaliza klia kwa muda mfupi sana. Hii ni zana ya fundi mwenye uzoefu.

Mashine ya mwendo pacha huzungusha pedi na wakati huohuo huiyumbisha kwenye mzingo mdogo. Katika aina yake ya kawaida, ukiikandamiza kupita kiasi, pedi hupunguza mzunguko au husimama. Udhaifu huo ndio usalama wa mwanafunzi. Ukubwa wa mzingo huandikwa kwa milimita: 8 hufaa sehemu zenye mikunjo, ilhali 15 au zaidi hufaa sehemu pana kama paa na boneti.

Usinunue pedi ya kufunga kwenye grainda ya kukatia vyuma. Grainda nyingi ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, ilhali mashine ya polishi ya mzunguko mmoja kwa kawaida haivuki sana mara 3,000.

Kuchagua pedi

Pedi ya sufu hukata upesi, ya maikrofaiba huifuata, na ya sponji huanzia ngumu hadi laini kabisa. Usitegemee rangi ya pedi: ya njano ya mtengenezaji mmoja yaweza kuwa ngumu, na ya mwingine laini. Soma maelezo ya kila mtengenezaji.

Anza na pedi laini na dawa isiyo kali kwenye eneo la sentimita 50 kwa 50, kisha tazama matokeo juani. Panda ngazi moja tu ikiwa mikwaruzo ingalipo. Pedi izidi kidogo upana wa sahani inayoishikilia, ili ukingo mgumu wa sahani usiguse rangi. Usitumie pedi moja kwa dawa mbili, kwani punje za dawa kali husalia ndani yake. Nunua pedi mbili au tatu za kila ukali, maana pedi iliyojaa uchafu na joto haifanyi kazi vema.

Kabla ya kulipa, hakikisha haya

1. Umeme. Soma kibao cha mashine: umeme wetu ni volti 230. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na ya Marekani volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua.
2. Hesi. Mashine nyingi za mzunguko mmoja hutumia hesi ya M14, nyingine ya inchi 5/8. Sahani isiyolingana haitafunga.
3. Mwendo. Mashine iwe na kidhibiti cha kupunguza na kuongeza kasi.
4. Vipuri. Uliza kama sahani na pedi za ukubwa huo zinapatikana madukani.
5. Risiti ya EFD na dhamana ya maandishi.

Pia jiulize kama unahitaji kununua. Gari moja halistahili kung'arishwa mara kwa mara, na huenda kumlipa fundi kukawa nafuu. Ukimlipa fundi, mwombe afanye kwanza eneo dogo, alifute mafuta yote, kisha mlitazame pamoja juani. Baadhi ya dawa hujaza mikwaruzo bila kuiondoa, nayo hurudi gari likioshwa mara chache.

Haki yako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ukiuziwa mashine isiyolingana na maelezo uliyopewa, irudishe kwa muuzaji mapema pamoja na risiti. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko yako Tume ya Ushindani.