Faili Imekataa Kupanda Kwenye Seva? Soma Kosa Kwanza, Kisha Ujaribu Tena

Umepata namba yako ya till, na fundi wako ameshaandika ile faili ambayo tovuti ya duka lako itatumia kupokea taarifa za malipo. Kimebaki kitu kimoja tu: kuipandisha kwenye seva. Unafungua FileZilla, unajaza jina na nenosiri, unabonyeza kitufe cha kuunganisha, halafu maandishi mekundu yanajaa juu ya skrini. Unabonyeza tena. Ni yale yale.

Kabla ya kubonyeza mara ya tatu, hebu tulia kidogo. Maandishi hayo mekundu ndiyo yanayokuambia shida iko wapi. Na ukiendelea kubahatisha, seva inaweza kukufungia kabisa.

Kwa nini faili hii ina uzito

Mteja akilipa kwenye duka lako la mtandaoni, mambo mawili hufanyika. Kwanza, pesa huingia kwenye till yako. Pili, mfumo wa malipo hutuma ujumbe kwa anwani ya ile faili, kuiambia tovuti kwamba oda fulani imelipwa. Faili isipokuwepo, au ikiwa imepanda nusu, pesa bado zinaingia lakini tovuti haina habari.

Tuseme unauza viatu Eldoret. Mteja wa Voi amelipa shilingi 2,800, SMS ya kuthibitisha anayo, lakini ukurasa wa duka bado unamwambia "Haijalipwa". Huyo mteja atafanya nini? Pengine atalipa mara ya pili. Pengine atakuita tapeli kwenye mitandao. Na wewe hujamwibia mtu yeyote, ni faili tu iliyokwama njiani.

Hatua tano, makosa tofauti

Kuunganisha na seva hupitia hatua tano, moja baada ya nyingine: kompyuta yako huitafuta seva, hubisha mlango, hujitambulisha kwa jina na nenosiri, huomba orodha ya mafolda, kisha hupandisha faili. Kila hatua ina kosa lake. Ukijua umekwama ya ngapi, zile za kabla yake unaachana nazo.

1. Seva haipatikani

Ukiona EAI_NONAME, kompyuta haijui jina uliloandika linaelekea wapi. Angalia kwanza maandishi yenyewe: umeweka nafasi mwishoni? Umeandika .com badala ya .co.ke? Kama jina liko sawa, uliza mambo mawili. Je, tovuti ni mpya? Jina jipya linaweza kuchukua saa kadhaa, hata siku moja au mbili, kabla ya kutambulika kila mahali. Je, muda wake umeisha? Jina ambalo halijalipiwa huzimwa, na FTP huzimika pamoja na tovuti.

Njia ya mkato ni kutumia anwani ya IP ya seva badala ya jina. Iko kwenye barua pepe uliyotumiwa na kampuni inayokuhifadhia tovuti siku ulipojiunga.

2. Mlango haufunguki

Hapa kuna makosa mawili yanayofanana, ila maana zake ni tofauti.

ECONNREFUSED ni seva kukujibu kwamba mlango huo hautumiki. Mara nyingi umekosea namba kwenye kisanduku cha Port. FTP ya kawaida hutumia 21, na SFTP hutumia 22. Kampuni nyingine huhamisha SFTP kwenye namba yao wenyewe kwa sababu za usalama, kwa hivyo waulize.

"Connection timed out" ni kimya. Umebisha, hakuna aliyejibu. FileZilla husubiri sekunde 20 kisha hukata tamaa. Sababu zake kubwa ni tatu:

- Tovuti yako inapitia Cloudflare. Huduma hiyo ya kawaida hupitisha kurasa za tovuti, haipitishi FTP. Tumia anwani ya IP ya seva yenyewe.
- Intaneti ya ofisini au ya cyber imefunga milango hiyo.
- Seva imekufungia kwa sababu ya kukosea nenosiri mara nyingi.

Kuna jaribio rahisi la kutofautisha. Washa hotspot ya simu yako, unganisha kompyuta, kisha jaribu tena. Ikikubali, shida ni ile intaneti ya kwanza au IP yake imefungiwa. Ikikataa kote, shida iko upande wa seva au kwenye maelezo uliyojaza.

3. Namba 530: jina au nenosiri

Hii ni habari njema kidogo, maana seva umeifikia. Imekukataa tu.

Kwa wanaotumia cPanel, kosa la kawaida ni jina. Ukifungua akaunti ya ziada ya FTP inayoitwa duka, jina lako kamili la kuingia ni duka@ likifuatwa na jina la tovuti. Wengi huandika "duka" peke yake na kuanza kulaumu nenosiri. Lingine ni kunakili nenosiri kutoka WhatsApp au barua pepe likaja na nafasi mwishoni.

Ukishakosea mara mbili, acha. Ingia cPanel, weka nenosiri jipya, subiri kidogo, kisha ujaribu. Seva nyingi huhesabu majaribio, na zikiona yamezidi huifungia IP yako. Dalili yake iko wazi: ulikuwa ukiona 530, sasa unaona kimya cha "timed out". Hapo hata nenosiri sahihi halitasaidia mpaka ufunguliwe. Kumbuka pia kwamba kwenye data ya simu, watu wengi huweza kutumia IP moja, kwa hivyo unaweza kukuta imefungiwa kwa makosa ya mtu usiyemjua.

4. Umeingia, lakini mafolda hayaonekani

Hili huwachanganya watu sana. Nenosiri limekubaliwa, halafu inakuja "Failed to retrieve directory listing".

Sababu ni kwamba FTP hutumia njia mbili. Moja ni ya maagizo, na nyingine ni ya mizigo yenyewe, yaani orodha na mafaili. Ya kwanza imefunguka, ya pili imezibwa. Kwenye hali inayoitwa "active", seva ndiyo hujaribu kufungua njia ya pili kuja kwenye kompyuta yako. Ukiwa nyuma ya ruta ya nyumbani au data ya simu, mara nyingi haifiki. Kwenye hali ya "passive", kompyuta yako ndiyo hufungua njia zote mbili.

Kwa hivyo nenda kwenye mipangilio ya muunganisho na uchague "passive". Ikikataa bado, hamia SFTP kama kampuni yako inaitoa. SFTP hupitisha kila kitu kwenye njia moja, na shida hii haipo tena.

5. Faili yenyewe imekataliwa

Sasa mafolda unayaona, lakini faili haipandi. Namba 550 au 553 mara nyingi humaanisha huna ruhusa ya kuandika kwenye folda hiyo, au jina la folda si sahihi. Namba 552 humaanisha nafasi uliyolipia imejaa. Futa bakapu za zamani, kisha upandishe tena.

Tahadhari moja: fundi akikuambia "weka ruhusa 777 mambo yaishe", kataa. Hiyo inamruhusu kila mtumiaji wa seva hiyo kuandika kwenye folda yako. Kwa kawaida folda huwa 755 na faili 644.

Usipitishe siri zako hadharani

Maelezo ya kwanza ya FTP yalichapishwa mwaka 1971, enzi ambazo mtandao ulikuwa wa kompyuta chache za vyuo na watafiti. Hadi leo, FTP ya kawaida husafirisha jina, nenosiri na faili bila kuvificha. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya mkahawa, anayesikiliza mtandao huo anaweza kusoma vyote.

Sasa fikiria faili yako ina nini ndani: funguo za siri zinazounganisha duka lako na mfumo wa malipo. Kwa hivyo tumia SFTP, au FTP yenye TLS. FileZilla ikikuuliza kama uendelee bila usalama, jibu ni hapana. Ikikuambia ufunguo wa seva umebadilika na hakuna aliyekuarifu, simama hapo upigie kampuni yako simu. Na kama funguo za malipo zilishapita kwa FTP ya wazi, omba mpya na uzime za zamani leo.

Imepanda. Je, iko mahali pake?

Namba 226 husema upakiaji umekamilika. Usishangilie bado. Akaunti za ziada za FTP mara nyingi hufunguka kwenye folda yao ndogo, sio kwenye mzizi wa tovuti. Faili inaweza kuwa imepanda vizuri kabisa, ila kwenye folda ambayo anwani uliyotusajilia haielekei. Hakikisha mambo matatu:

- Ukubwa wa faili kwenye seva ni sawa na wa kwenye kompyuta yako. Ikionyesha 0, ilikatika njiani.
- Jina linafanana herufi kwa herufi. Kwenye seva nyingi, Malipo.php na malipo.php ni faili mbili tofauti.
- Anwani yake inafunguka kwa https bila kosa la 404.

Kisha nunua kitu kwenye duka lako mwenyewe kwa shilingi 10. Oda ikibadilika kuwa "Imelipwa", kazi imeisha.

Na wale waliolipa faili ikiwa bado chini?

Usimwambie mteja alipe tena. Fungua taarifa ya till yako, linganisha namba za miamala na oda zilizokwama, kisha ziweke alama ya kulipwa kwa mkono na uwatumie wateja ujumbe. Pesa hazikupotea, taarifa ndiyo haikufika.

Ukilazimika kuomba usaidizi, usiandike "FTP haifanyi". Tuma mistari kumi ya mwisho ya maandishi ya FileZilla, saa uliyojaribu, na aina ya intaneti uliyotumia. Nenosiri usimtumie mtu yeyote, hata sisi. Hatutawahi kukuuliza.