Nanga ya Picha: Uwekaji wa Vielelezo katika Tasnifu ya Kiswahili

Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu lahaja au ushairi wa Kiswahili aghalabu hulazimika kutia picha katika matini yake: ramani, mchoro wa matawi, au ukurasa wa mswada wa utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Katika rasimu ya kwanza kila picha hukaa ilipowekwa. Msimamizi akiagiza aya mbili ziongezwe, ramani ya Kiamu huibukia kwenye maelezo ya Kimvita, na kauli "tazama picha iliyo hapa chini" humwelekeza mtahini kwenye nafasi tupu. Kosa hili si dogo. Hoja inayotegemea picha hudhoofika iwapo picha yenyewe haiko mahali pake.

Kiini cha tatizo ni kwamba programu za kuandikia, Microsoft Word ikiwemo, huichukulia picha kwa namna mbili. Kwanza, picha huweza kuwa kama herufi moja kubwa iliyo ndani ya mstari. Maneno yaliyoitangulia yakiongezeka, nayo husogea pamoja nayo. Aya ikipangwa katikati, nayo hukaa katikati. Pili, picha huweza kuachwa ielee, maneno yakiizunguka, yakikoma juu yake na kuendelea chini yake, au hata yakipita juu ya sura yake.

Picha inayoelea haiko huru kama inavyodhaniwa. Ina nanga, na nanga hiyo imetiwa katika aya fulani. Jahazi lililotia nanga huweza kuyumba kwa upepo, ila haliendi mbali kuliko urefu wa amari yake. Vivyo hivyo, katika Word, picha hukaa katika ukurasa ule ule wenye aya iliyobeba nanga. Aya ikisukumwa hadi ukurasa unaofuata, picha huifuata. Aya ikifutwa yote, picha nayo hutoweka, na mwandishi hudhani tarakilishi imeharibika. Hata amri ya kuifunga nanga haiigandishi picha kwenye ukurasa. Huizuia tu nanga isihamie aya nyingine.

Kwa tasnifu, namna ya kwanza ndiyo bora. (Mabango na magazeti ni habari nyingine.) Picha ipewe aya yake yenyewe, aya hiyo iamriwe isitengane na inayofuata, na katika hiyo inayofuata ndimo kichwa na nambari ya kielelezo viandikwe. Ndani ya maelezo, kielelezo kitajwe kwa nambari yake, si kwa "hapa juu" wala "hapa chini". Tahadhari moja inafaa: nafasi ya mistari ikiwa imewekwa kwa kipimo kisichobadilika, mathalani pointi 12, picha itaonekana kama ukanda mwembamba tu. Picha haijakatwa. Kimo cha mstari ndicho kilichoibana, na hurekebishwa kwa kuirejesha aya hiyo pekee kwenye nafasi ya kawaida.

Panapohitajika picha na maneno ubavu kwa ubavu, jedwali la safu wima mbili lisilo na mistari hufaa kuliko picha inayoelea. Chukua ukurasa wa mswada na unukuzi wake kwa hati za Kirumi. Ni vyema mswada ukae kushoto na unukuzi kulia. Hati za Kiarabu huanzia kulia na za Kirumi kushoto. Kwa mpangilio huu mianzo ya mishororo hukabiliana katikati ya ukurasa, na jicho huvuka masafa mafupi kulinganisha neno na neno. Mpangilio ukigeuzwa, mianzo hutupwa kwenye pambizo mbili zilizo mbalimbali, na msomaji huchoka kabla ya ubeti wa tatu.

Picha ya mswada ivutwe kwa pembe, si kwa ubavu, ili herufi zisipotoke. Wala isipunguzwe mno hadi nukta zififie, kwani katika hati hizo nukta moja tu ndiyo inayoitenga herufi ya z na ile ya r. Safu ikiwa nyembamba mno, ukurasa huo ufanywe sehemu ya peke yake katika hati na ulazwe kwa upana, kurasa nyingine zikibaki wima.