Jedwali la Rangi na Sura ya Nchi: Maswali na Majibu

Jedwali la rangi hufanya kazi gani?

Picha ya kijivu haina rangi ndani yake, kwani kila pikseli, yaani kila nukta inayoijenga picha, huhifadhi namba moja tu, na jedwali la rangi ndilo linaloielekeza programu ni rangi gani ionekane kwa kila namba. Katika picha ya biti 8 namba hizo ni 256, kuanzia 0 hadi 255. Jedwali likibadilishwa hubadilika mwonekano peke yake, na namba husalia zilivyokuwa.

Kwa nini picha ya mwinuko wa Nakuru huweza kufunguka ikiwa kijivu kitupu?

Vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kwa rada na chombo cha anga Endeavour mnamo Februari 2000 huhifadhiwa kwa mita, katika namba za biti 16, ambazo jumla yake ni 65,536. Programu ikizigawanya zote katika vivuli 256, kila kivuli hubeba mita 256, na hapo nchi yote kutoka Ziwa Nakuru, lililo kwenye mita 1,760 hivi, kupitia mtaa wa Free Area hadi kilele cha volkeno ya Menengai chenye mita 2,278, hubanwa katika vivuli vitatu. Mipaka ya vivuli ikiwekwa kuwa mita 1,750 na 2,280, kila kivuli hubeba takriban mita mbili, na ukingo wa kreta hujitokeza waziwazi.

Je, rangi za upinde wa mvua zinafaa?

Huvutia, lakini hazifai. Manjano hung'aa kuliko rangi jirani zake, kwa hiyo mteremko wa taratibu kati ya Free Area na ziwa huonekana umekatwa na genge lisilokuwapo, ilhali kuta halisi za Menengai hazipati uzito wake. Jedwali la viridis, lililotolewa mwaka 2015, huongeza mwangaza hatua kwa hatua, hivyo mpangilio wake husomeka hata na asiyetofautisha nyekundu na kijani, na hata ramani inapotolewa fotokopi, jambo ambalo kwenye vikao halikwepeki.

Picha iliyotiwa rangi ihifadhiweje?

Faili la namba litunzwe kando, kwa sababu picha inayohamishwa pamoja na rangi zake hubeba rangi tu, bila mita.