Somo la Fasihi: Ridhaa na Dhuluma katika Michezo ya Televisheni



Napenda kuwaeleza swali moja ninalowafundisha wanafunzi wangu wa fasihi. Mwandishi anapotunga habari ya mwanamke aliyebakwa, je, hadithi hiyo huwa ya nani?

Nitatoa mifano miwili katika hadithi za wafalme na majoka zilizotungwa Marekani. Michezo hii ni ya watu wazima, wala simwambii mwanafunzi yeyote aitafute. Lakini vipande vyake huzunguka katika simu, basi ni afadhali tujue namna ya kuvipima.

Mfano wa kwanza ni Game of Thrones, iliyoonyeshwa tangu 2011 hata 2019. Katika sehemu iliyotolewa Mei 2015, Sansa Stark aliozwa kwa Ramsay Bolton, mtu katili, naye akambaka usiku wa arusi. Katika kitabu cha George R. R. Martin bibi arusi huyo ni msichana mwingine. Waandishi wa televisheni ndio waliomweka Sansa mahali pake. Tena kamera ilimwacha Sansa ikageukia uso wa Theon, kijana aliyelazimishwa kutazama. Mtu aweza kusema kwamba kufanya hivyo kulimstahi Sansa. Hoja hiyo ina uzito, lakini matokeo yake ni kwamba uchungu wa Sansa ulitumika kutuonyesha uchungu wa Theon. Watazamaji wengi walikasirika. Claire McCaskill, aliyekuwa seneta wakati ule, alitangaza kwamba hataitazama tena.

Mwaka 2019 waandishi walimfanya Sansa aseme kwamba bila ya watesi wake angalibaki kindege tu maisha yake yote. Hapo ndipo ninapoona kosa kubwa zaidi. Nguvu za Sansa ni zake mwenyewe. Mtesi hastahili kushukuriwa kwa ajili yake. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Mfano wa pili ni House of the Dragon, ya mwaka 2022. Sara Hess, mmoja wa waandishi wake, alieleza kwamba hawakukusudia kuonyesha tendo lenyewe, bali madhara yake. Mtumishi mmoja, Dyana, analetwa mbele ya Malkia Alicent akilia, naye anaeleza alivyotendwa na mwana wa mfalme, mtoto wa malkia huyo. Malkia anamwamini. Hata hivyo anampa fedha na dawa ya kuzuia mimba, na kumwonya kwamba wengine huenda wasimwamini. Hatukuona tendo, lakini tumeona jinsi wakubwa wanavyonunua kimya cha wadogo. Kwangu mimi somo hili ni zito kuliko lile la kwanza, ingawa baada ya hapo Dyana anaondoka na hadithi inamfuata malkia.

Sasa tutazame ridhaa. Watu husema kunyamaza ni kukubali. Sivyo. Sansa alitamka maneno ya ndoa, lakini hakuwa na uhuru. Dyana alikuwa mtumishi. Angemkatalia vipi bwana wake? Ridhaa ni neno la mtu mzima aliye huru, awezaye kusema hapana bila kuogopa, na awezaye kubadili nia yake wakati wowote. Mtoto hawezi kuitoa, wala mtu mwingine hawezi kuitoa kwa niaba yake.

Maswali ya kujadiliana darasani au nyumbani:

1. Kamera inatazama uso wa nani, na kwa nini?

2. Baada ya tukio, je, hadithi inarudi kumsikiliza aliyedhulumiwa?

3. Kama tukio lingeondolewa, hadithi ingepungukiwa na nini?

4. Je, mkosaji anageuzwa kuwa mpenzi au mwalimu wa aliyemdhulumu?

Mwisho, nasema na kila mwanafunzi. Ikiwa jambo kama hili limekupata, kosa si lako. Mwendee mzazi, mwalimu au mtu mzima mwingine unayemwamini. Na asipokusikiliza, mwendee mwingine. Nasi wazazi na walimu, mtoto akija na habari hiyo, tusimfanyie kama malkia alivyomfanyia Dyana.