Tuwe na Daftari la Familia

SOMO LA KIKUNDI. Someni kwanza Luka 1:1-4.



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jambo hili vikundi vyetu vimelishika vizuri. Mweka hazina akikosa kuandika hata shilingi hamsini, siku hiyo mkutano hauishi mapema. Lakini tukiulizana: babu yako alifika hapa mwaka gani? Shamba lilinunuliwa kwa pesa za kazi gani? Hapo wengi tunajibu, "Hayo alikuwa anajua mzee." Na mzee tulishamzika.

ALIYEANDIKA NDIYE ANAYESOMWA

Tuchukue mfano wa hapa karibu. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen. Wazee wa Nandi wamesimulia kizazi hadi kizazi kwamba Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, akauawa kwa hila. Lakini yule afisa alikuwa na shajara, na mwaka 1957 ilichapishwa kuwa kitabu. Ndani yake anajitetea. Basi mtu wa mbali aliyetaka kujua habari ile alisoma maneno ya muuaji. Wale waliokuwa upande wa Koitalel hawakuacha shajara.

Hata kwetu ni hivyo. Tusipoandika sisi, wengine watatuandika, au hakuna atakayeandika.

TUANDIKE VIPI?

1. Nunueni daftari la kaunta. Juu yake andikeni jina la familia na mwaka mlioanza.

2. Anzeni na aliye mzee kuliko wote. Mkubwa aulize, mjukuu aandike. Msiseme tu, "Tuambie historia," maana atajibu kwamba hana la kusema. Ulizeni kitu cha kushikika. Mama mmoja katika kikundi chetu alisema yeye hakusoma, kwa hivyo hana historia. Tukamwuliza alikuwa anapita njia gani kwenda kuuza maziwa. Aliongea mpaka giza likaingia. Ndipo wanawe watatu wakajua kwamba karo yao ilitoka kwenye mtungi ule. Miaka yote walidhani ni baba aliyelipa.

3. Tafuteni mwaka. Mzee akitaja rika lake, kama Maina au Nyongi, liandikeni. Lakini majina ya marika ya Kalenjin hurudi tena baada ya miaka mia na zaidi, kwa hivyo rika peke yake halitoshi. Ulizeni: ilikuwa kabla au baada ya reli kufika Eldoret (1924)? Kabla au baada ya Uhuru (1963)? Mwaka wa ukame mkubwa (1984) mtoto huyu alikuwa anatembea?

4. Andikeni kwa lugha ambayo mzee anaongea. Akisema kwa Kinandi, Kikuyu au Kiluhya, maneno yake yabaki hivyo, na maelezo ya Kiswahili yafuate chini.

5. Mkimrekodi kwa simu, ombeni ruhusa kwanza, kisha mnakili kwenye daftari. Simu huibiwa na huharibika.

6. Fanyeni nakala mbili, zikae nyumba mbili, ndani ya debe lenye kifuniko, mbali na mchwa na panya.

MAMBO YA UCHUNGU

Hiyo nakala ya pili si mzaha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba nyingi za pande hizi zilichomwa moto, na mwanzo wa 2008 watu wengi walilala kwenye mahema. Picha za arusi, vyeti vya shule na barua za shamba viliungua pamoja na mahindi ghalani.

Wengine hutuambia, "Hayo tuyaache, yataamsha chuki." Tunaelewa. Lakini hata tusipoandika, watoto wanasikia. Mtoto aliyezaliwa baada ya 2008 husikia jikoni kwamba "wale walitufanyia," na "wale" ni kabila zima. Masimulizi yasiyo na siku wala mahali hukua kila yanaporudiwa.

Luka hakuwa mmoja wa wale mitume kumi na wawili. Alichunguza habari kwa makini, akafuata ya walioshuhudia, akaandika kwa taratibu. Nasi tufanye hivyo. Kila ukurasa tuugawe: NILIONA, NILIAMBIWA, NADHANI. Andika tendo, siku na mahali, usiongeze chumvi. Daftari si orodha ya kulipiza kisasi. Na kama kuna jirani wa kabila lingine aliyewaficha watoto wako au kukuletea unga, mwandike naye. Ukimwacha nje, ushahidi wako una uongo hata kama kila neno ni kweli.

Asiyeweza kusema bado, asilazimishwe. Acheni kurasa wazi, siku yake itafika.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni nani katika kijiji chetu ambaye akiondoka leo ataondoka na habari ambazo hakuna mwingine anazo?
2. Ni kazi gani walifanya mama na nyanya zetu ambayo haijatajwa popote?
3. Je, tunayowaambia watoto juu ya 1992 na 2008 tuliyaona, au tuliambiwa?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama amwulize mzee mmoja swali moja tu, na aje na ukurasa mmoja. Tutasomeana. Asiyejua kuandika aje na mtoto wa shule. Kalamu itakuwa ya mtoto, maneno yatakuwa yake.

Mungu awabariki.