Kufundisha Kutafuta Hitilafu: Motokaa Ilayo Umeme Mno

Shabaha: Mwanafunzi atafute chanzo cha hitilafu kwa utaratibu, asikisie.

Swali: Motokaa ya umeme iliyozoea kutumia kilowati-saa 15 kwa kilomita 100 sasa yatumia 20. Tena, dereva akiinua mguu, haipunguzi mwendo kama zamani. Kwa nini?

Jaribio: Pindua baiskeli, magurudumu juu, dinamo ikigusa tairi. Zungusha gurudumu taa ikiwaka. Kisha chomoa waya, uzungushe kwa nguvu ile ile. Mara ya kwanza gurudumu husimama upesi zaidi, kwani mwendo wake hugeuka umeme. Mara ya pili umeme hauna pa kwenda. Vivyo hivyo, motokaa ipunguzapo mwendo, mota hufanya kazi ya dinamo na kurudisha umeme betrini. Lakini betri iliyojaa, au yenye baridi kali, haiupokei vema.

Sasa wanafunzi waulize kwa zamu:
1. Je, betri imejaa? Ijaribiwe tena ikifika nusu.
2. Je, tairi zina upepo wa kutosha?
3. Baada ya safari, gurudumu moja lina joto kuliko mengine? Huenda breki yake haiachii.
4. Je, dereva aenda kasi zaidi? Kasi ikiwa maradufu, ukinzani wa hewa huwa mara 4.

Kila jaribio libadili jambo moja tu. Fundi akisiaye humnunuza mtu betri mpya, kumbe tairi ndiyo iliyokosa upepo. Kwa hiyo mwalimu asitaje jibu, aulize, "Umejuaje?"