Kumchunguza Mwalimu Bila Kumvunja Moyo: Mfano wa Somo la Matamshi Dundori

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwamba ngozi huvutia kwake. Methali hii inamfaa sana mtu aketiye nyuma ya darasa, daftari mkononi, akimtazama mwenzake akifundisha. Asipojihadhari, ataandika jinsi ambavyo yeye angefundisha, wala si jinsi ambavyo wanafunzi wamejifunza. Makala haya yanadhamiria kuonyesha namna ya kuchunguza somo la Kiswahili na kutoa maoni yanayojenga. Suala hili linatugusa sisi sote. Leo tunachunguzwa katika mazoezi ya kufundisha. Kesho, tukiwa wakuu wa idara, tutawachunguza wengine.

Uchunguzi wa masomo nchini

Kaunti ya Nakuru si ngeni katika jambo hili. Ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizotumiwa kujaribia mradi wa PRIMR kati ya mwaka 2011 na 2014, uliolenga usomaji na hisabati katika madarasa ya chini. Kutokana na mradi huo ulizaliwa mpango wa kitaifa wa Tusome mwaka 2015. Katika mpango huo, maafisa wa mitaala walizuru madarasa wakiwa na tabuleti, wakachunguza somo, wakawasikiliza wanafunzi wachache wakisoma, kisha wakaketi na mwalimu kuzungumza naye. Mwaka 2016, Tume ya Huduma za Walimu ilianzisha mfumo wa kutathmini utendakazi wa walimu, ambao nao unahusisha kuchunguza masomo. Hata hivyo, fomu pekee haimbadilishi mwalimu. Kinachoweza kumbadilisha ni mazungumzo yanayofuata.

Mfano wa somo

Tuchukulie kwamba tumo katika shule ya msingi huko Dundori, kwenye miinuko ya Bahati inayopakana na Nyandarua. Wanafunzi wengi huzungumza Kikuyu nyumbani, lugha isiyo na sauti /l/. Mwalimu mwanagenzi anafundisha vitate vya /l/ na /r/ kwa jozi ya kula na kura. Ameandaa kadi za maneno zinazosomeka vizuri. Msichana mmoja anasoma: "Mama amepika chakura." Mwalimu anamkatiza: "Si chakura, ni chakula! Keti." Tangu hapo mikono inapungua. Hadi kengele inapolia, wanaojibu ni wawili tu wa safu ya mbele.

Mchunguzi wa kwanza anaandika: "Wanafunzi hawashiriki. Mwalimu hana ubunifu. Ajitahidi." Maoni haya yana kasoro tatu. Kwanza, yanamhukumu mtu badala ya kueleza tendo. Pili, hayana ushahidi. Tatu, hayamwonyeshi mwalimu njia. Atajitahidi kufanya nini?

Mchunguzi wa pili ameandika saa, maneno yaliyosemwa na idadi ya mikono iliyoinuliwa. Baada ya somo anatafuta mahali pa faragha, mbali na wanafunzi na walimu wengine, kisha anaanza hivi:

"Mwalimu, kadi zako zilisomeka hata kutoka nyuma nilikoketi. Ulipomsahihisha yule msichana, uliona nini kwa wenzake?"

"Nilitaka wasikie sauti sahihi upesi, mwalimu. Sikuona kitu."

"Kabla ya hapo nilihesabu mikono kumi na minne. Baadaye ilikuwa miwili."

Mwanagenzi ananyamaza, kisha anasema, "Basi niliwatia hofu."

Tazama kwamba hitimisho limetolewa na mwalimu mwenyewe. Wanakubaliana jambo moja tu la kurekebisha: kosa likitokea, darasa zima litamke jozi ile pamoja. Wahisi ulimi ukigusa ufizi na hewa ikipita kandoni katika /l/, kisha ukipigapiga ufizi katika /r/. Baadaye msichana apewe nafasi ya kusoma tena. Mchunguzi anaahidi kurudi wiki hiyo hiyo.

Je, kujenga ni kuficha kosa?

La hasha. Iwapo mwalimu angefundisha kwamba /l/ ni kimadende ilhali ni kitambaza, ingelazimu aambiwe waziwazi. Kunyamaza kwa kisingizio cha heshima ni kuwadhulumu wanafunzi, maana wao ndio watakaolibeba kosa hilo hadi mtihanini. Heshima hudhihirika katika namna ya kusema.

Aidha, ipo changamoto isiyoepukika. Mchunguzi anayetoa alama huogopwa, na mwalimu mwenye hofu humwonyesha somo alilolikariri. Kwa hiyo inafaa sisi wanagenzi tutembeleane madarasani bila alama yoyote, kabla mtahini hajafika.

Hitimisho

Tumeona kwamba maoni yanayojenga huanzia kwenye ushahidi, hupitia kwenye swali, na huishia kwenye hatua moja inayotekelezeka. Yule msichana wa Dundori hatasoma fomu ya mchunguzi. Atakachokijua ni iwapo kesho ataitwa tena kusoma.

Zoezi

1. Andika upya maoni haya yawe ya kujenga: "Mwalimu hadhibiti darasa."
2. Mchunguze mwenzako kwa dakika kumi. Andika tu ulichokiona na kukisikia, bila kivumishi cha sifa.
3. Tunga maswali mawili ambayo ungemuuliza kabla ya kumpa maoni yako.